Maisha ya Bwana Shaaban Robert, Karani Aliyewafundisha Watu Kufikiri

Katika mji wa Dar es Salaam, hapo penye Nyumba ya Makumbusho, iko njia iitwayo Shaaban Robert. Wengi hupita humo kwenda kazini, nao wakiulizwa Shaaban Robert ni nani, hujibu kwamba alikuwa mshairi. Ni kweli, lakini jibu hilo ni nusu tu. Mwezi huu twapenda kuwasimulia wasomaji wetu nusu ya pili, kwa kuwa inamhusu kila mtu afundishaye wengine: jinsi karani wa serikali, ambaye hakupata kusoma katika chuo kikubwa cho chote, alivyoyachukua mambo mazito ambayo wenye elimu huyaita falsafa, akayaweka mbele ya watu waliojua kusoma Kiswahili basi.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Asili ya wazee wake ni Wayao, lakini yeye alijihesabu Mswahili, na dini yake ilikuwa Uislamu. Mwaka 1922 aliingia skuli katika Dar es Salaam, akakaa huko mpaka 1926.

Yafaa tuutazame mji ule kidogo. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imekwisha miaka michache tu. Mahali pale walipopigiwa kambi wapagazi wa jeshi la Kiingereza palikwisha kuitwa Kariakoo, jina litokanalo na jina la Kiingereza la kikosi chao. Na mwaka 1923, kijana huyu akiwa bado mwanafunzi, jengo kubwa walilolijenga Wadachi kabla ya vita lilifunguliwa kuwa soko. Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wahindi na Waarabu walikutana pale, na aliyetaka kuuza au kununua hakuwa na budi kusema lugha ya wote. Sisi twaona kwamba mtu aliyekulia ujanani katika mji wa namna ile hakuhitaji kuambiwa kwamba Kiswahili chaweza kubeba mzigo wo wote. Alikisikia kikibeba mizigo kila siku.

Katika mtihani wa mwisho alikuwa wa pili miongoni mwa wanafunzi kumi na mmoja. Hapo ndipo masomo yake ya skuli yalipoishia. Akaandikwa karani wa forodha, na kazi hiyo akaishika tangu 1926 hata 1944, sana sana Pangani. Kisha alipelekwa Longido katika nchi ya Wamasai, na mwaka 1946 akarudi Tanga, akatumika katika ofisi za serikali mpaka 1960. Mambo ya ofisini hayana mengi ya kusimulia. Mchana alihesabu ushuru na kunakili barua za wakubwa, na katika saa zake mwenyewe alisoma na kuandika. Mkewe Amina alifariki akamwachia watoto wadogo, naye alimtungia shairi la maombolezo ambalo watu hulijua hata leo. Binti yake alimtungia utenzi wa mawaidha, na mwanawe vilevile. Hapo twaona mwanzo wa mwalimu, kwani wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto wa nyumbani.

Sasa tuje kwenye kitabu chake tukipendacho kuliko vyote, nacho ni Kusadikika, kilichopigwa chapa mwaka 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Waziri mmoja, jina lake Majivuno, amemshitaki kijana aitwaye Karama mbele ya mfalme. Kosa lake ni nini? Hakuiba wala hakuua. Amewafundisha watu elimu ya sheria. Majivuno aona kwamba watu wakiijua sheria wataanza kuuliza maswali, na wakiuliza maswali baraza litatikisika. Karama apewa ruhusa ya kujitetea. Wala hajitetei kwa kulia au kwa kuomba huruma, bali awasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi ile iliwatuma huko na huko, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, walete mambo mema. Kila mmoja alirudi na shauri jema baada ya taabu nyingi, na kila mmoja alitiwa kifungoni. Mfalme asikia hayo yote, na mwishoni Karama aachiliwa pamoja na wafungwa wale.

Msomaji mgeni aweza kudhani hiki ni kisa cha kupitisha jioni. Lakini humo mna maswali ambayo wenye hekima wameyahangaikia kwa maelfu ya miaka. Je, sheria iko juu ya mfalme, ama mfalme yuko juu ya sheria? Je, ni haki kumhukumu mtu kabla hajasikilizwa? Jambo jema likitoka nchi ya kigeni, je, ugeni wake watosha kuwa sababu ya kulikataa? Huko Athene, mji ambao wasomaji wetu waujua katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mwaka 399 kabla ya Kristo mzee Socrates alishitakiwa kwamba hakuiheshimu miungu ya mji na kwamba aliwaharibu vijana kwa mafundisho yake. Alijitetea, akahukumiwa, akanywa sumu. Mwanafunzi wake Plato aliiandika habari ile, na katika vyuo vikuu vya dunia ndiyo huwa mlango wa falsafa kwa wanaoanza. Msomaji wa Kiswahili ana mlango wake mwenyewe katika baraza la Kusadikika. Tofauti ni kwamba Karama alipona. Wako wanaosema kwamba mwisho huo ni mwepesi mno, na kwamba watawala wa dunia hawaongoki upesi hivyo. Huenda ni kweli. Lakini tukumbuke mwandishi alikuwa nani: karani aliyelishwa na serikali ya Kiingereza, akitoa mwaka 1951 kitabu kinachosema kwamba baraza la wakubwa laweza kukosa, na kwamba raia anayo haki ya kuliambia hivyo kwa hoja. Kwa kuiweka nchi yake hewani, alisema mambo ambayo juu ya ardhi ya Tanganyika yangalimpotezea kazi.

Jinsi alivyofundisha ni rahisi, na walimu wa Injili watuwie radhi tukiikazia kidogo. Hakuanza kwa neno gumu na maana yake. Alichukua neno ambalo kila mtu analo kinywani, kama majivuno, au utu bora, au busara, akalivika kanzu, akaliacha litembee na kugombana na wenzake, hata msomaji akalijua kama amjuavyo jirani. Katika insha zake fupi alifanya vivyo hivyo bila kisa: jambo moja tu, kurasa chache, akalitazama mbele na nyuma.

Njia hiyo ina hasara yake. Watu wake wema ni wema mno na wabovu ni wabovu mno, kwa kuwa mtu aitwaye Majivuno hana ruhusa ya kuwa mnyenyekevu hata siku moja. Wataalamu wamemlaumu kwa hayo, nasi hatuna la kuwapinga. Hasara hiyo haionekani katika kitabu chake juu ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyetoka katika ufukara akasifika pwani yote, kwa sababu pale aliandika habari za mtu aliyeishi.

Alipewa nishani na serikali ya Uingereza, na tuzo ya ukumbusho wa Margaret Wrong kwa uandishi wake. Tarehe 9 Desemba 1961 aliiona Tanganyika ikipata uhuru, akafariki mwezi Juni 1962, umri wake miaka 53, akazikwa kwao. Maandiko mengi yalikuwa bado hayajapigwa chapa. Kufikirika, kisa cha mfalme ambaye mwanawe ameugua, na waganga wakaagiza mjinga mmoja na mwerevu mmoja wachinjwe ili apone, kilitoka 1967. Na Utubora Mkulima, habari za mtu aliyeacha mshahara wa ofisini akaenda kulima, kilitoka 1968.

Atakaye kuvisoma na kikundi cha vijana, twamshauri aanze na Kusadikika, asome mjumbe mmoja kwa jioni moja, kisha awaache vijana wabishane kama mjumbe yule alistahili kufungwa, naye asikimbilie kuwapa jibu. Kufikirika kina hoja ndefu na maneno mazito, nacho chafaa kingoje mpaka mwaka wa pili.