Bruce Lee: Je, Aliacha Mtindo au Fikra?

Miongoni mwa majina ya kigeni yaliyopata kuzoeleka katika vinywa vya vijana wetu, ni machache yaliyolishinda jina la Bruce Lee. Filamu zake zilionyeshwa katika majumba ya sinema ya pwani hii miaka ya 1970, na hata sisi tuliozaliwa baada ya kifo chake tulikua tukiyaiga mateke yake vichochoroni. Lakini walio wengi walimjua kwa mateke hayo tu. Jambo lililomshughulisha zaidi, na ambalo wanafunzi wake wameligombania tangu alipofariki, ni hili: je, sanaa ya kupigana ni mtindo ambao mwalimu humkabidhi mwanafunzi kama ulivyo, au ni fikra ambayo kila mtu hana budi kujitafutia mwenyewe?

Alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba, 1940, baba yake, mwigizaji wa michezo ya kuimba ya Kikantoni, alipokuwa ziarani huko. Alirejeshwa Hong Kong akiwa mtoto mchanga, akakulia huko, akaonekana katika filamu tangu utotoni, na alipobalehe akawa kijana wa ugomvi wa mitaani. Ndipo alipoingia kwa mwalimu Ip Man kujifunza Wing Chun, mtindo wa kale wa kusini mwa China.

Yafaa tuueleze kidogo mtindo huo, kwani ndio uliomjenga. Mwanafunzi huanza kwa kusimama mahali pamoja, miguu haisogei, akirudiarudia mfululizo mmoja wa miondoko ya mikono. Baadaye husimama mbele ya mwenzake, mikono yao ikigusana, kila mmoja akijizoeza kuihisi nguvu ya mwenziwe kabla haijamfikia. Mwanafunzi haulizwi maoni yake. Sisi tulioanza kusoma kwa kufuatisha herufi kwa kijiti mbele ya mwalimu, muda mrefu kabla ya kuambiwa maana ya neno hata moja, tunaufahamu ufundishaji wa namna hiyo, wala hatuko tayari kuubeza.

Mwaka 1959 alirudi Marekani. Huko Seattle alifanya kazi katika mkahawa wa Kichina, na mwaka 1961 akaingia Chuo Kikuu cha Washington, ambako pamoja na masomo mengine alisoma falsafa. Alianza pia kufundisha, naye aliwapokea watu wa kila rangi, wakati ambapo walimu wengi wa Kichina hawakupenda kuwafundisha wasiokuwa Wachina. Kwa hilo pekee anastahili heshima.

Mageuzi yalitokana na pambano moja. Akiwa Oakland, mnamo mwisho wa mwaka 1964, alipambana faraghani na mwalimu mwingine wa kung fu, Wong Jack Man. Walioshuhudia wametofautiana hata leo juu ya muda wa pambano hilo na juu ya mshindi. Lakini mkewe, Linda, ameeleza kwamba baada ya pambano mumewe hakufurahi: aliona amechoka upesi, na kwamba ujuzi aliopewa na mwalimu wake haukumtosheleza mbele ya mtu anayekimbia na kurudi. Tangu hapo akaanza kupekua kila mahali. Alizitazama filamu za Muhammad Ali ili ajifunze mwendo wa miguu. Katika mchezo wa upanga wa Kizungu akachukua maarifa ya kumkatiza adui njiani, yaani kumpiga pale pale anapoanza kushambulia. Mwaka 1967 aliyaita mafundisho yake Jeet Kune Do, maana yake njia ya ngumi inayokatiza. Alimwagiza hata mwanafunzi wake mmoja amtengenezee jiwe dogo la kaburi, ukumbusho wa mtu aliyekuwa huru kama maji kisha akauawa na mitindo ya kale.

Hapa ndipo tunapomtilia shaka kidogo. Mkono uliokuwa mwepesi kiasi kile haukupata wepesi wake katika vitabu vya falsafa. Uliupata katika miaka ya kurudiarudia ule ule mtindo alioulaani. Kumwambia aliyehifadhi aache alichohifadhi ni jambo moja, na kumwambia hivyo asiyehifadhi chochote ni jambo jingine kabisa. Hata hivyo, haki yake tumpe. Yeye mwenyewe aliiona hatari. Mwaka 1970 alizifunga shule zake, na mwaka uliofuata aliandika katika gazeti moja la Marekani la sanaa hizo kwamba hakubuni mtindo mpya wowote. Daftari alizojaza akiwa amelazwa kwa maumivu ya mgongo hazikuwa kitabu hadi mwaka 1975, naye alikuwa amekwisha fariki, huko Hong Kong, tarehe 20 Julai, 1973, kwa kuvimba ubongo, akiwa na umri wa miaka 32.

Basi warithi wakagawanyika. Dan Inosanto, mmoja wa wachache aliowapa idhini ya kufundisha, aliendelea kutafuta, akichanganya na sanaa za Kifilipino, kwa hoja kwamba kutafuta ndiko alikofundishwa. Wengine wakasema kwamba asiyefundisha alichokifundisha marehemu asilitumie jina lake. Hatuoni kwamba hawa walikuwa wajinga: kijana anayeingia mlangoni siku ya kwanza lazima afundishwe kitu, na huwezi kumfundisha uhuru mtupu. Mwaka 1996 mjane wake na baadhi ya wanafunzi wa awali walikutana, wakaunda chombo cha kuyahifadhi mafundisho hayo kama alivyoyaacha, wakayaita Jun Fan Jeet Kune Do. Jun Fan ni jina lake la kuzaliwa. Waliliweka mbele ya jina ambalo yeye mwenyewe aliwaonya watu wasiling'ang'anie.