Blaise Pascal na Uzito wa Hewa

Hapa kwetu Spring Valley, Nairobi, maharagwe hukawia kuiva kuliko Mombasa, kwa kuwa maji huchemka kabla ya kufikia digrii 100. Sababu yake ni upungufu wa hewa iliyo juu yetu. Zebaki katika bomba la kioo, ambayo pwani husimama kiasi cha sentimita 76, huku husimama kama 62 tu. Aliyelithibitisha jambo hili kwa dalili ni Blaise Pascal, nasi tumependa kuwaeleza ndugu zetu habari zake.

Alizaliwa Clermont, Ufaransa, mwaka 1623. Alifiwa na mama yake angali mdogo, akasomeshwa na baba yake. Mwili wake ulikuwa dhaifu, lakini akili kali mno: hajatimiza miaka 20 alianza kuunda mashine ya kumpunguzia baba yake taabu ya hesabu za kodi.

Mwaka 1643 Torricelli wa Italia alijaza zebaki katika bomba, akalipindua. Ikashuka kidogo, kisha ikasimama. Wanavyuoni wengi wa zama hizo, kwa kumfuata Aristotle pasi na kupima, walishikilia kuwa maumbile hayakubali utupu. Pascal hakuridhika. Ikiwa uzito wa hewa ndio uishikiliao zebaki, basi mlimani, ambako hewa ya juu ni chache, haina budi kushuka. Naye mgonjwa, akamwandikia mume wa dada yake, Florin Périer. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda Puy de Dôme, na chini akaacha bomba la pili likitazamwa na mtawa. La juu lilipungua kama sentimita 8. La chini halikubadilika kutwa. Hilo la chini ndilo tulistahilo zaidi, maana lau si hilo, mpinzani angedai kuwa ni hali ya siku ile tu.

Kisha Pascal akapiga hesabu nyepesi. Hewa hulemea ardhi kama maji ya kina cha mita 10, yaani tani 10 juu ya kila mita ya mraba. Zidisha kwa eneo la dunia nzima. Kwa vipimo vya leo, alipata kama tani 4,000 za milioni za milioni. Sasa yajulikana ni kama 5,150. Kasoro kubwa ilikuwa katika ukubwa wa dunia, aliouhesabu mdogo kuliko ulivyo, ilhali Al-Biruni alikwisha kuupima vizuri zaidi miaka mia sita kabla yake.

Tangu 1654 alielekea zaidi kwenye ibada. Alikufa 1662, hajafika miaka 40, na kitabu chenye hesabu hiyo kilichapishwa mwaka uliofuata.