Kenya: Lord Delamere, kondoo wa sufu na ardhi ya Wamaasai

Msafiri atokaye Naivasha kuelekea Nakuru huona, upande wa kushoto wa barabara, Ziwa Elmenteita na nyika kavu yenye vichaka vya leleshwa. Hapo ndipo Soysambu, alikozikwa Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, mlowezi aliyetaka kuzalisha sufu katika nchi ya wafugaji.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1870 katika ukoo wa makabaila wa Cheshire, akarithi cheo cha baba yake angali na miaka 17. Uwindaji ndio uliomleta Afrika, kwanza Somalia, na mwaka 1897 akafika katika nyanda za juu za Kenya. Aliporejea mwaka 1903, serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99.

Kondoo wa Kimaasai huota nywele, si sufu. Kwa hiyo Delamere aliagiza madume kutoka Uingereza ili wapande majike wa Kimaasai, na mwaka 1904 akaleta majike 500 wa Merino kutoka New Zealand. Wanne kati ya kila watano walikufa upesi. Majani ya Njoro yalivutia macho, lakini Wamaasai walikuwa wakiepuka kulisha huko kwa kuwa mifugo haikunawiri. Baadaye wataalamu walibaini kwamba udongo ule ulipungukiwa madini, hasa kobalti.

Waliosalia walihamishiwa Soysambu. Mvua huko ni haba na malisho ni machache, ila ukavu huo huo huwaepusha kondoo na minyoo na kuoza kwato. Chini ya uangalizi wa wachungaji wa Kimaasai, ambao Delamere alijifunza lugha yao, kundi liliongezeka, na kila kizazi cha machotara kikatoa sufu nyingi kuliko kilichotangulia.

Hata hivyo, nyika hiyo ilikuwa na wenyewe. Kwa mkataba wa mwaka 1904, Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mwaka 1911 walitakiwa kuiacha Laikipia pia, na kesi yao ikatupwa mahakamani mwaka 1913. Delamere, kiongozi wa walowezi katika Baraza la Kutunga Sheria, alipigania nyanda za juu ziwe za Wazungu. Mtu aliyewategemea Wamaasai kuchunga kondoo wake alitetea mpango uliowanyima malisho yao.

Alifariki dunia Novemba 1931, akiacha madeni makubwa ya benki. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, sanamu yake iliondolewa jijini Nairobi, na barabara iliyobeba jina lake ikaitwa Kenyatta. Soysambu imebaki mikononi mwa ukoo wake, na madai ya Wamaasai kuhusu ardhi ya mababu zao yangali yakisikika nchini humo.