Chemirocha: Jamaa wa Reli Aliyekopi Kila Mtu Mpaka Akapata Staili Yake, na Venye Wakipsigis Walimgeuza Kuwa Wao

Ukitoka Litein ukifuata barabara ya Sotik, katikati ya majani chai, utapita Kapkatet. Mwaka wa 1950 jamaa mmoja anayeitwa Hugh Tracey alifika hapo na mashine yake ya kurekodi, akakuta wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu kiumbe fulani nusu mtu nusu swara. Jina lake? Chemirocha.

Sasa shika hii: Chemirocha alikuwa msee wa kweli. Alikuwa mzungu wa Mississippi, Marekani, jina lake Jimmie Rodgers, na wakati huo alikuwa ameshakufa miaka 17. Kapkatet hakuwahi kukanyaga.

Kama wewe ni kijana unajifunza gitaa na kila siku unaambiwa unakopi, story ya huyu jamaa inakuhusu.

Alianzia mtaani kwa reli

Jimmie alizaliwa Septemba 8, 1897. Mathe wake alifariki akiwa bado mtoto mdogo, na buda yake alikuwa nyapara wa mafundi wa reli, leo yuko huku, kesho kule. Kijana akalelewa na ma-anti na reli yenyewe. Alianza kwa kubebea wafanyakazi maji ya kunywa, baadaye akawa mfunga breki kwenye gari moshi.

Wengi wa wale waliokuwa wakipiga sururu walikuwa Wamarekani weusi. Walikuwa wanaimba wakifanya kazi, na wakati wa kupumzika wanapiga gitaa na banjo. Jimmie alikuwa hapo akisikiza. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya muziki, na walimu wake hawakulipwa hata ndururu.

Mwaka wa 1924, akiwa na miaka 27, madaktari walimpata na TB. Siku hizo hakukuwa na dawa ya kuitibu. Kazi ya reli ikaanza kumshinda, na nyumbani kulikuwa na mke, Carrie, na mtoto wa kulisha. Akaamua kitu kitakachompa ugali ni gitaa.

Bendi ilimtoka dakika ya mwisho

Julai 1927 kampuni ya Victor ilituma mtu wake, Ralph Peer, kurekodi wasanii katika mji wa Bristol, Tennessee. Jimmie alikuwa na bendi, lakini kabla ya kurekodi wakakosana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri. Wenzake wakaenda kurekodi kivyao.

Msee akabaki na gitaa lake tu. Agosti 4 akaingia peke yake, akaimba ngoma mbili, akalipwa dola 100. Novemba mwaka huo huo akarekodi tena, Camden, New Jersey, na hapo ndipo ikatoka Blue Yodel ya kwanza. Ngoma ilivuma vibaya sana. Jamaa aliyekuwa anahangaika na kodi akawa staa wa Marekani nzima.

Staili yake ilitoka wapi?

Tukiwa wakweli, ukivunja muziki wa Jimmie vipande vipande, karibu kila kipande kina mwenyewe. Blues aliitoa kwa watu weusi. Yodeli, ile sauti inayoruka ghafla kutoka kifuani hadi kichwani, asili yake ni wachungaji wa milima ya Uswisi na Austria, na waimbaji wa majukwaa Marekani walikuwa wanaitumia kabla yake. Gitaa la kuteleza ambalo linasikika kwenye rekodi zake kadhaa ni la Hawaii.

Hata mkono wake kwenye gitaa haukuwa wa maajabu. Anagonga uzi mzito wa besi, anakwaruza nyuzi nyembamba, kisha kati ya mstari na mstari anapitisha noti chache za besi zinazotembea kama mtu anayerudi home pole pole. Tempo nayo alikuwa anaivuta anavyotaka, mpaka waliompigia walikuwa na kazi ya kumfuata.

Lakini hakuna mtu alikuwa ameweka hivyo vitu vyote kwa sufuria moja. Yodeli ya mlimani juu ya blues ya reli, ikiimbwa na mtu mgonjwa ambaye anajua siku zake zimehesabiwa. 1931 aliimba kuhusu TB yake mwenyewe. Hapo hakuwa anakopi mtu yeyote.

Tuseme pia upande mbaya. Wale wafanyakazi weusi waliomfunza, majina yao hayako kwenye santuri yoyote. Julai 1930, pale Los Angeles, Louis Armstrong mwenyewe alimpigia tarumbeta kwenye Blue Yodel namba 9, na mkewe Lil Hardin akapiga piano. Rekodi ikatoka bila majina yao. Kuchukua kitu kwa mtu ukakiongezea yako ni sawa. Kunyamaza kuhusu ulikokitoa ni deni, na deni haliozi.

Waliomkopi nao je?

Gene Autry alianza kwa kuimba kama Jimmie kabisa, mpaka rekodi zake za mwanzo ni kazi kumtofautisha. Baadaye akatafuta sauti yake, akawa staa wa sinema za macowboy.

Ernest Tubb ndiye alizidi. Alimpenda Jimmie mpaka Carrie, akiwa mjane, akamwazima gitaa la marehemu. Bado hakutoboa. Halafu 1939 akafanyiwa operesheni ya tonsili, na yodeli ikapotea. Akalazimika kuimba kwa sauti aliyobaki nayo. Miaka miwili baadaye akatoa hiti iliyomfanya jina kubwa. Alipata gitaa la shujaa wake, lakini kilichomsaidia ni kupoteza sauti ya shujaa wake.

Mwisho wake, na mwanzo wa Chemirocha

Mei 1933 Jimmie alienda New York kurekodi, ndio aiachie familia kitu. Alikuwa amechoka hadi wakamwekea kitanda studio, anaimba, analala, anaamka tena. Rekodi ya mwisho ilikuwa Mei 24. Siku mbili baadaye alifariki hotelini, akiwa na miaka 35. Mwili wake ulirudi Meridian, Mississippi, kwa gari moshi.

Lakini santuri zake zilikuwa zimesafiri na gramafoni za kuzungushwa kwa mkono, mpaka kwa Wakipsigis. Watu wakasikia sauti bila kuona mtu. Jina likageuka Chemirocha, likakaa vizuri kabisa karibu na kina Chemutai na Chepkoech.

Na hapa ndipo wale wasichana wanatupiga somo. Hawakutafuta gitaa. Hawakujaribu yodeli. Walichukua chepkong, kinubi cha nyumbani, wakaimba kwa Kikipsigis, wakimwambia Chemirocha aruke densi mpaka nguo zimtoke. Ukisikiza rekodi hiyo, hutasikia Mississippi hata kidogo.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, watu wa mradi wa Singing Wells, wa Ketebul Music na wa maktaba ya Tracey kule Afrika Kusini walirudisha hizo rekodi Kapkatet, na wakakuta baadhi ya wazee waliokuwepo 1950 bado wako hai. Hao nao walikuwa wamengoja sana kusikia sauti zao.

Kwa hivyo kijana wa Litein, kopi bila aibu, kila mtu alianza hivyo. Lakini taja mwalimu wako, na siku moja zima YouTube usikie mkono wako unataka kusema nini. Ukipiga kama Jimmie tu, dunia tayari iko na Jimmie. Chemirocha ni wa Kapkatet pekee.