Georges Boulanger

Georges Boulanger (Rennes, 29 Aprili 1837 – Ixelles, Ubelgiji, 30 Septemba 1891) alikuwa jenerali na mwanasiasa wa Ufaransa. Anakumbukwa kwa kuitikisa Jamhuri ya Tatu akitegemea hasa hisia za wananchi: uchungu wa kushindwa vita, hasira dhidi ya wabunge na hamu ya kumpata mwokozi.

Maisha ya kijeshi

Alisoma katika chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr, akapigana Algeria, Italia na Vietnam. Katika vita vya 1870-1871 Ufaransa ilishindwa na Wajerumani, ikanyang'anywa Alsace na sehemu ya Lorraine. Wafaransa wengi hawakusahau aibu hiyo.

Januari 1886 Boulanger akawa waziri wa vita, akiungwa mkono na Georges Clemenceau wa mrengo wa kushoto. Aliboresha maisha ya askari na kuwaruhusu kufuga ndevu. Tarehe 14 Julai 1886, katika gwaride la Longchamp, alipita juu ya farasi mweusi huku umati ukimshangilia. Nyimbo zilitungwa kumsifu, na watu wakamwita Jenerali Kisasi.

Serikali iliyoundwa Mei 1887 ilimwacha nje, kisha akahamishiwa Clermont-Ferrand. Siku ya safari, 8 Julai, maelfu ya watu walijaa katika kituo cha reli mjini Paris ili kuzuia treni yake isiondoke.

Siasa

Alipoondolewa jeshini mwaka 1888 aliingia bungeni. Sheria ya wakati huo iliruhusu mtu kugombea katika majimbo mengi, naye alishinda mara kadhaa. Alidai bunge livunjwe na katiba ibadilishwe, lakini hakueleza wazi nini kingefuata. Hivyo kila kundi lilimwona kuwa wake: maskini walitarajia nafuu, wazalendo wa Paul Déroulède walitaka kisasi, na wafuasi wa ufalme, waliomfadhili kwa siri, walitumaini kumrudisha mfalme.

Tarehe 27 Januari 1889 alishinda Paris kwa kura zaidi ya 240,000. Wafuasi wake walimhimiza atwae madaraka usiku uleule, akakataa. Serikali ilipojiandaa kumshtaki, tarehe 1 Aprili alikimbilia Brussels. Kwa kukimbia alipoteza sifa ya ushujaa iliyokuwa nguzo yake, na katika uchaguzi mkuu wa mwaka huohuo wafuasi wake walishindwa vibaya.

Kifo

Mpenzi wake, Marguerite de Bonnemains, alifariki kwa kifua kikuu Julai 1891. Miezi miwili baadaye Boulanger alijiua kwa bastola kwenye kaburi lake huko Ixelles.

Athari

Wanahistoria kadhaa, akiwemo Zeev Sternhell, wanaona katika harakati hizo chanzo cha mrengo mpya wa kulia. Kabla yake uzalendo mkali nchini Ufaransa ulihusishwa zaidi na mrengo wa kushoto. Baadaye ulihamia kulia. Maurice Barrès, aliyechaguliwa mbunge wa Nancy mwaka 1889 akiwa mfuasi wake, alikuja kuwa mwandishi maarufu wa fikra hizo.