Pyotr Kapitza, Fundi wa Baridi Kuu

Pyotr Kapitza alizaliwa mwaka 1894 katika mji wa Kronstadt, nchi ya Urusi. Alipokuwa kijana bado, maradhi yaliwachukua mkewe, watoto wake wawili na baba yake. Mwaka 1921 alikwenda Cambridge, Uingereza, akawa mwanafunzi wa Bwana Ernest Rutherford.

Huko alitaka kuigeuza hewa ya heliamu iwe majimaji. Kazi hiyo ni ngumu, maana heliamu lazima ipoe mpaka digrii 269 chini ya sifuri. Kapitza alitumia kanuni hii: hewa iliyoshindiliwa, ikisukuma chombo, hupungukiwa na joto, kama mtu apungukiwavyo na nguvu kwa kazi. Basi mwaka 1934 akaunda mtambo wa pistoni. Mafuta ya mashine yangeganda kwa baridi ile, kwa hiyo aliiacha heliamu yenyewe ipite kandokando ya pistoni na kuilainisha.

Mwaka huo huo alikwenda kwao kuzuru, na serikali ikamkataza kurudi Uingereza. Alihuzunika sana. Hata hivyo alijengewa taasisi mjini Moscow, vyombo vyake vikanunuliwa kutoka Cambridge, naye akaishika kazi tena.

Mwaka 1939 alitangaza turbini yake, yaani gurudumu linalozungushwa na hewa. Watu walizoea kuiga turbini za mvuke. Yeye aliona kwamba hewa yenye baridi kali ni nzito, tabia yake inakaribia ya maji, akaliunda gurudumu lake kwa mfano wa turbini ya maji. Lilifanya kazi vizuri kuliko yaliyotangulia, na wakati wa vita njia yake ikatumika kupata oksijeni kwa wingi.

Mwaka 1946, baada ya kugombana na Beria, mkubwa wa serikali aliyeogopwa na wote, Kapitza alinyang'anywa taasisi yake. Hakukaa bure. Alifanya majaribio kibandani, katika nyumba yake ya shamba, mwanawe akimsaidia. Alirudishwa kazini mwaka 1955, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1978, akafariki mwaka 1984.

Leo mitambo mikubwa ya kupooza heliamu huendeshwa kwa turbini. Nasi wanafunzi, ambao chombo kimoja kikikosekana maabara tunakunja mikono, tumkumbuke mzee huyu na kibanda chake.