Manute Bol: Jamaa Aliyepangua Mitupo Mingi Kuliko Pointi Zake

Kama wewe ni mtu wa basketiboli, uwe unachezea Kitengela au Loitokitok, hebu tazama hizi takwimu kwanza halafu uniambie ungemsajili huyu jamaa au la. Mechi 624. Pointi 1,599. Yaani wastani wa 2.6 kwa mechi. Ukimleta mtaani na namba kama hizo, atabebeshwa maji ya timu.

Lakini usifunge ukurasa. Kuna safu nyingine ambayo wengi huwa wanairuka: mitupo aliyopangua. Hapo kumeandikwa 2,086. Mimi chuo niliachia njiani, lakini kutoa bado najua. Amepangua mitupo 487 zaidi ya pointi alizofunga. Katika NBA yote hakuna mwingine aliyecheza miaka mingi hivyo akamaliza na hesabu ya kugeuka namna hiyo.

Anaitwa Manute Bol, Mdinka wa Sudan Kusini, na wewe wa Kajiado una sababu ya kumjua kuliko vijana wa sehemu nyingine. Alikua akichunga ng'ombe. Aling'olewa meno ya mbele ya chini kufuata mila, kama wazee wengi utakaowakuta kwenye soko la mifugo huku kwetu. Na alisimulia mwenyewe kwamba aliwahi kumuua simba kwa mkuki akiwa malishoni. Simba alikuwa amelala, hilo pia alilisema, na namheshimu kwa kutotia chumvi. (Wewe usijaribu. Siku hizi morani wa pande za Amboseli wanashindana kukimbia na kurusha mikuki kwenye Olimpiki ya Wamaasai pale Kimana, iliyoanza 2012 ili simba waachwe wapumue.)

Urefu wake ulikuwa mita 2.31. Ringi ya kikapu iko mita 3.05 kutoka chini, na Bol aliigusa bila kuruka. Alianza na kandanda, akaona hapamfai, akahamia vikapu akiwa Wau, kisha Khartoum. Mara ya kwanza kujaribu kudanki alivunja meno.

Safari ya Marekani nayo ina vituko vya karatasi. Mwaka 1983 San Diego Clippers walimchagua, lakini uchaguzi ukafutwa. Pasipoti yake ilikuwa imeandika kwamba ana urefu wa futi 5 na inchi 2! Maelezo yake ni kuwa alipimwa akiwa ameketi. Hata tarehe yake ya kuzaliwa, 16 Oktoba 1962, kocha mmoja aliyempokea Cleveland alikuja kudai miaka mingi baadaye kwamba aliitunga yeye. Kwa hiyo ukisoma takwimu za huyu mtu, anza na kuuliza nani alishika kalamu.

Alicheza mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Bridgeport, halafu 1985 Washington Bullets wakamchukua. Msimu huo wa kwanza alipangua mitupo 397, karibu mitano kila mechi. Usiku wa tarehe 25 Januari 1986 Bullets walikutana na Atlanta Hawks, timu ya Dominique Wilkins, ambaye msimu ule aliongoza ligi kwa kufunga. Bol alipangua mitupo 15 katika mechi hiyo moja. Mwaka uliofuata alirudia 15 dhidi ya Indiana Pacers. Rekodi ya ligi ni 17, ya Elmore Smith, 1973, na huo ndio msimu NBA ilianza kuhesabu mitupo inayopanguliwa. Waliocheza kabla ya hapo, kina Bill Russell, walipangua bure tu, hakuna aliyeandika.

Na hapa ndipo hesabu inapokuwa noma. Vita vya Sudan vilikuwa vimeanza tena 1983, na vijana wa Kidinka walikuwa wanatembea kwa miguu hadi Ethiopia, baadaye hadi Kakuma kwetu. Bol akawa anatuma pesa. Inakadiriwa alitoa dola milioni 3.5, karibu kila alichopata. Baridi yabisi ilipomtoa ligini katikati ya miaka ya 90, mfuko ulikuwa umekauka. Alirudi Khartoum, akaahidiwa uwaziri wa michezo kwa sharti kwamba abadili dini. Akakataa, na kuondoka nchini kukawa shida. Akapitia Misri kabla ya kufika tena Marekani mwaka 2002.

Ndipo watu wakaanza kumcheka. Alipanda ulingoni kupigana ngumi kwenye televisheni na William Perry, jamaa wa futiboli ya Kimarekani, akashinda. Akavaa jezi ya hoki ya barafuni. Akajisajili hadi kama mwendesha farasi wa mashindano! Wewe ungeona mtu mzima anajidhalilisha. Lakini fedha zilikuwa za watoto wa Sudan, na yeye alijua wazi kwamba watu walikuja kuangalia kimo chake. Aliwauzia walichotaka kuona. Mwaka 2004 teksi aliyopanda ikapata ajali, akavunjika shingo, akapona.

Mwaka 2010 alikuwa kwao akisaidia ujenzi wa shule na akabaki kwa ajili ya uchaguzi wa Aprili. Aliugua, akafariki Virginia tarehe 19 Juni mwaka huo, figo zikiwa zimechoka na ngozi ikiwa imeharibiwa na ugonjwa. Alizikwa Turalei. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na yeye hakuwepo.

Kule Misri kuna wakimbizi wadogo aliowafundisha mpira, mmoja wao Luol Deng. Deng alifika NBA, na baadaye akaongoza shirikisho la basketiboli la Sudan Kusini. Julai 2024, jijini London, timu hiyo ilipoteza kwa Marekani ya LeBron James 101 kwa 100. Siku nane baadaye, kwenye Olimpiki ya Ufaransa, iliipiga Puerto Rico 90 kwa 79.